Maua Mabichi ya Mwalimu Mkuu

Jamani, nichekeni tu. Wiki iliyopita Mwalimu Mkuu wetu hapa Kabuku alikuwa anaagwa, anastaafu, nami nikawatambia wenzangu ofisini: "Nyie leteni mabeseni yenu, mimi naleta maua mabichi!" Nikayaagiza mtandaoni, moja kwa moja kutoka shambani Lushoto.

Siku tatu kabla ya sherehe, basi likanishushia boksi. Nafungua, nakuta vijiti na matumba ya kijani, yamefumba kama bamia! Nikampigia muuzaji, nikafoka.

"Mwalimu, yaweke kwenye maji, yatafunguka," akasema.

Yaani nimelipia maua, halafu naambiwa nisubiri? Nikamkatia simu. Furushi lote nikampa Mama Zaina, mpishi wa shule: "Kawape mbuzi wako." Nikaenda kununua beseni.

Siku yenyewe, nikiwa kwenye foleni ya zawadi, Mama Zaina akaingia na ndoo. Maua meupe yamechanua, ukumbi mzima unanukia. Mwalimu Mkuu machozi yakamlenga.

"Mama Zaina, umeyatoa wapi haya?"

"Ni ya Mwalimu Sefu. Aliniambia niwape mbuzi, nikayaonea huruma."

Ukumbi wote ukanigeukia, nimekumbatia beseni.