Kwenda Komanda Kumkamata Shemeji

Siku nilizokuwa nasoma masomo ya jioni hapa Bunia, mwenzangu wa dawati alinifundisha jambo ambalo halikuwa kwenye programu: kwamba ile taa ya njano yenye picha ya injini, kwenye dashibodi ya gari, huwaka dereva akiiba. Akiuza kifaa kizuri na kuweka kibovu, gari linamsemea kwa mwenye mali. Nilimwamini kuliko mwalimu wa hesabu. Diploma nikapata, imani ikabaki.

Basi pikapu yangu iliporudi kutoka Nia-Nia taa hiyo ikiwaka kama jicho la paka, sikuhitaji mashahidi. Ni pikapu ya zamani. Naapa ilizaliwa kabla ya barabara. Dereva wake ni Udaga, mtu wa Mahagi, mume wa dada yangu Furaha.

"Taa imewaka njiani, shemeji," alisema. "Na inakunywa esanse mubaya. Mulima haipande."

Alisema petroli na mlima; mimi nikasikia: nimeiba, shemeji. Nikamwambia twende Komanda kuchukua maharage. Ukweli ni kwamba Komanda kuna mwanamke mwenye mashine ya kusoma makosa ya magari. Nilitaka imtaje Udaga mbele yangu. Ikimtaja, ningemnyang'anya funguo palepale, kazi iishe, dada yangu alie mpaka Ziwa Albert lifurike.

Mudzipela, mtaa wa Bunia anakokaa Udaga, alfajiri. Furaha alitufungia mihogo na samaki, akaninong'oneza: "Kaka, umuangalie muzuri bwana yangu."

"Nitamwangalia," nikajibu, na sikusema uongo.

Njiani gari lilikohoa kama babu wa vijiji saba na kutoa moshi mweusi. Niliangalia mikono ya Udaga kuliko barabara. Alipopiga mluzi, nikajua: mwizi anajituliza. Aliponyamaza, nikajua: dhamiri inamuuma.

Tulipofika Marabo alishuka, akazunguka nyuma ya kibanda, akaongea kwa sauti ya chini na mtu fulani. Alirudi na mahindi mawili ya kuchoma, akanipa kubwa. Hongo! Nililila lote.

Komanda, kwenye njia panda, kati ya malori yanayokwenda Butembo na yanayoingia msituni, ndipo Mama Kavira, yule mwenye mashine, anapouza vipuri. Sauti yake inasikika hata malori yakiwa yananguruma.

"Nani mugonjwa hapa? Gari, ao wenye gari?"

Alichomeka mashine chini ya usukani. Nikasogea karibu. "Inamtaja nani?"

"Nani gani? Inataja makosa mbili." Akanionyesha: P0102 na P0113. "Ya kwanza, habari ya hewa yenye inaingia mu injini haifike. Ya pili, habari ya joto ya ile hewa, nayo haifike. Mutu wa haraka atanunua kifaa kipya. Miye najiuliza kwanza: hizi habari zinapita wapi? Zote mbili zinapita mu fishi moja."

Akafungua boneti. Kwenye bomba litokalo kwenye kichujio cha hewa alichomoa ile fishi, yaani plagi ya nyaya. Meno yake ya shaba yalikuwa yamefunikwa na rangi nyekundu ya kucha, imekauka.

"Nani amerembesha hii?"

Nilikohoa kuliko pikapu. Sisi wenye magari tuna desturi: kabla dereva hajasafiri mbali, tunatia alama kwenye vifaa ili visibadilishwe. Wengine hupaka juu tu. Mimi, kwa elimu yangu, nilichukua rangi ya mke wangu, nikatia alama kila kifaa, na fishi hii nikaichomoa na kuipaka hadi ndani.

"Ni kwa usalama," nikasema.

"Muzee! Rangi yako imefunga njia ya habari. Mwizi hajafika, weye umeshamumalizia kazi!" Alicheka mpaka madereva wa malori wakaja kushuhudia. Kisha akakwaruza yale meno kwa sindano, akaifunga fishi, akafuta makosa kwenye mashine. "Kufuta si kutengeneza. Mutembee nayo. Ikiwaka tena, murudi."

Udaga hakucheka. Aliinama juu ya injini, akapitisha kidole kwenye alama nyekundu, moja baada ya nyingine, hadi ya mwisho. Kisha akaenda kupakia maharage.

Kurudi Bunia, gari lilipanda milima kama mbuzi aliyefunguliwa kamba. Taa haikuwaka. Niliitazama mpaka tukawa karibu kufika mjini.

"Shemeji," nikasema mwishowe, "niliambiwa ile taa huwaka dereva akiiba."

Akasimamisha gari kando ya barabara. Mikono ikabaki kwenye usukani.

"Ndiyo maana ulinipeleka Komanda?"

"Ndiyo."

"Ungenifukuza?"

"Ndiyo."

Alivuta pumzi, akanigeukia.

"Ile taa inaonaka mashini tu, shemeji. Mutu haimuonake. Ukitaka kujua kama naiba, uniulize."