Kahawa Arobaini na Tano

Jambo zima liligharimu magogo mawili ya mkaratusi, pete mbili za chuma zilizotolewa kwenye pipa la lami, magunia sita ya kahawa iliyoota ukungu, na jino langu la mbele. Nimehesabu mara mbili. Mara ya kwanza nililisahau jino, kwa sababu pengo nimeshalizoea.

Magogo na pete vilikuwa mali ya chuo. Kahawa na jino vilikuwa vyangu, kwa hiyo naona nina haki ya kusimulia.

Mimi ni mtu wa Bukoba mjini. Babu yangu alitoka pwani akifuata biashara ya pembe, akaoa Kagondo, akasahau kurudi. Kazi yangu ni kununua kahawa. Kila mavuno nazunguka upande wa Muleba na baiskeli na mizani, nanunua kahawa ya maganda kwa wakulima. Wengi huiuza kabla haijakauka, maana maji nayo yana uzito. Mimi nayanunua maji yao kwa bei ya maji, halafu naikausha mwenyewe. Na mahali pa kukaushia palipopita pengine pote ilikuwa sakafu ya saruji ya chuo cha ualimu cha mapadri, kilimani kule Izigo. Ilikuwa pana, tambarare, haina ufa hata mmoja. Kila mavuno niliikodi kwa Padri Mkuu.

Mwaka mmoja nikafika na magunia yangu, nikakuta magogo mawili yamesimikwa, moja kila mwisho wa sakafu, kila moja lina ubao kichwani na pete ya pipa. Nilidhani ni chombo cha mapadri cha kupimia upepo. Chini ya gogo moja alisimama mwalimu wa hesabu, mtu wa Kaagya, mfupi kiasi kwamba pete ile ilionekana imewekwa kumkejeli. Alikuwa amesoma Uganda miaka miwili, akarudi na mpira wa ngozi na pampu yake.

"Karibu, waitu," alisema, kwa heshima zote za Kihaya. "Huu ni uwanja wa mpira wa kikapu."

"Mwalimu, hii ni sakafu yangu."

"Yako kuanzia saa ngapi?"

Tangu nianze biashara sikuwahi kuulizwa hivyo. Nikamwambia ni yangu mchana na usiku.

"Usiku kahawa yako inalala wapi?"

"Katikati, lundo moja, chini ya turubai."

"Kwa hiyo unakodi sakafu nzima kulaza lundo moja. Waitu, umepunjwa."

Nilianza kumpenda na kumwogopa kwa pamoja. Akaniambia nimpe sakafu kuanzia saa kumi hadi jua linapozama. Wanafunzi wake wangekusanya kahawa pembeni kabla ya kucheza, wangeianika asubuhi, na mchana wangeigeuza kwa reki. Vibarua nisingelipa.

"Wataigeuza mara ngapi?"

"Unataka mara ngapi?"

"Mara tatu."

"Mara nne," alisema.

Mtu anayejipandishia bei mwenyewe hunitia wasiwasi. Lakini nilikubali, na jioni ile nikakaa juu ya gunia kutazama nimeuza nini.

Nilikuwa nimeuza kidogo sana. Walikuwa wachezaji kumi, watano wakicheza dhidi ya wanafunzi wengine na watano wakingoja kwenye benchi, na sijaona watu kumi walio mbali hivyo katika sakafu moja. Wa Izigo walipeana mpira wao kwa wao. Wa Kaagya nao hivyo hivyo. Kijana mmoja wa ukoo wa watawala hakumpa mtu yeyote, alingoja aletewe. Walikuwapo vijana wawili Waislamu wa mjini, waliopokelewa chuoni kwa hisani ya Padri, nao hawakupewa na mtu, kwa hiyo siku walipoupata mpira waliufanya kama urithi. Mwalimu alipuliza filimbi hadi mashavu yakamwuma.

Walipoteremka Bukoba kucheza na makarani wa mjini, walifungwa vibaya hata makarani wakaona haya, wakawapa chai.

Padri Mkuu alikuwa mtu wa kuhesabu kama mimi, nami nilikuwa nimeshamwambia kwamba sakafu ile ningeweza kuikodi mwaka mzima, si mavuno tu. Akatuita wote wawili ofisini kwake. "Mwalimu," alisema, "makarani watakuja huku mwisho wa mavuno. Vijana wako wakishindwa nyumbani kwao, naling'oa gogo hili na lile, na sakafu anapewa huyu bwana."

Tulipotoka nje, Mwalimu alisimama akatazama sakafu. Nje ya sakafu ile, kilima kizima kilikuwa migomba na mawe, hapakuwa na mahali pengine ambapo mpira ungedunda.

"Kwa hiyo sasa unatuombea tushindwe," alisema.

"Mimi siombi, Mwalimu. Mimi nimetoa bei tu."

"Basi niuzie kahawa. Ile ya kutafuna."

Kila nyumba ya Wahaya humpa mgeni kahawa ya kutafuna, iliyochemshwa na majani ya kunukia ikakaushwa. Lakini yapo matumizi mengine, ya zamani. Tunda moja la kahawa lina punje mbili. Watu wawili wakitaka kuwa ndugu, hulipasua tunda, kila mmoja hula punje moja, na kuanzia siku hiyo hakuna wa kumnyima mwenzake wala kumdanganya. Zamani punje ilipakwa damu. Mwalimu alisema damu ataiacha, kwa ajili ya Padri na kwa ajili ya wale vijana wawili wa mjini. Punje zingetosha.

"Unataka matunda mangapi?"

"Arobaini na tano."

"Ya nini? Una watu kumi. Kila tunda lina punje mbili. Matano yanatosha."

"Waitu, nipe arobaini na tano."

"Nakupa matano."

Nilikuwa na kahawa ya kufunika kilima, lakini sikuona sababu ya kumpa mtu mara tisa ya anachohitaji. Alinitazama kama mwalimu anavyomtazama mwanafunzi aliyeandika jibu kabla ya kusoma swali.

"Haya, tuanze na matano," alisema. "Hayo mengine utayaleta mwenyewe."

Aliwapanga wawili wawili, kwa makusudi akichanganya: wa Izigo na wa Kaagya, Mkatoliki na Mwislamu. Wakala, wakaapa. Kesho yake nikaja mapema nikakaa kwenye benchi, maana nilitaka kuona matunda matano yamefanya nini.

Yalifanya kazi kupita kiasi. Kila mchezaji sasa alimpa mpira ndugu yake tu, wala hakumwona mwingine. Ndugu akiwa amezingirwa na watu watatu, anapewa. Ndugu akiwa amegeuza kisogo, anapewa kisogoni. Kijana mmoja wa Izigo aliupata mpira chini kabisa ya pete, hakuna wa kumzuia, akasimama akamtafuta ndugu yake uwanja mzima, asimwone. Ndugu yake alikuwa kwenye benchi, kando yangu. Akamwona, akaurusha kwa upendo wote.

Ndugu alikwepa. Mimi sikukwepa.

Walinisafisha damu kwa maji ya mtungi. Mwalimu akachuchumaa mbele yangu, ameshika jino langu kwenye kiganja.

"Kwa nini umemrushia mtu wa benchi?" nilimwuliza yule kijana, nikipuliza maneno pengoni.

"Nilikula naye, tata. Nitamnyimaje?" alisema, akiniita baba kwa Kihaya.

Nikaenda kivulini nikachukua punje za kahawa, nikazipanga chini. Mtu wa kwanza anakula na wenzake tisa. Wa pili ameshakula na wa kwanza, amebakiza wanane. Wa tatu saba. Nikafika mwisho, nikajumlisha, nikapata arobaini na tano. Nikarudia, ikawa arobaini na tano. Mwalimu yule alikuwa amesimama ofisini kwa Padri, ameambiwa atanyang'anywa uwanja, na papo hapo kichwani mwake alikuwa ameshaipiga hesabu ya kila mtu na kila mtu. Nilipeleka matunda arobaini kwenye leso yenye damu yangu. Sikumtajia bei.

Tangu hapo, kila jioni kabla ya kucheza, wachache walikula. Hawakuharakishwa. Kila mmoja alitamka kiapo mbele ya wenzake: sitakunyima ukiwa na nafasi, sitakulaumu ukikosa. Siku kijana wa ukoo wa watawala alipofika kwa kijana ambaye babu yake alikuwa mbeba mizigo wa babu wa huyu wa watawala, punje ilikaa mkononi muda mrefu.

"Babu akisikia atanifukuza nyumbani," alisema.

"Babu yako anacheza?" mwenzake akauliza.

Wakacheka, wakala. Nimeshuhudia mikataba mingi ya ardhi na ya ndoa. Sijaona mingine iliyonifanya nivue kofia bila kujua nimevua.

Makarani wakaja, kwa lori, na viatu vyeupe. Watu walitoka migombani hadi ukingo wa sakafu haukuonekana. Kahawa yangu ya mwisho ilikuwa imekusanywa pembeni, lundo zuri, kavu, turubai limekunjwa kando yake.

Najaribu kueleza nilichokiona na sina kipimo chake. Mpira haukukaa kwa mtu. Ulitoka kwa wa Izigo ukaenda kwa wa mjini, kwa wa Kaagya, ukarudi, ukapita chini, ukapita juu, na kila ulipofika palikuwa pameshafika mtu. Makarani waliufuata kama watu wanaofukuza kuku wa jirani. Mimi ambaye hata swala nikimaliza huhesabu viatu mlangoni, nilianza kuhesabu pasi, nikapotea. Nikaanza upya, nikapotea tena. Kijana wa watawala, aliyekuwa akingoja kuletewa, nilimwona amepiga goti sakafuni kuuokoa mpira usitoke, akaupeleka kwa mjukuu wa mbeba mizigo, naye akaupandisha ukaingia kwenye pete ya pipa bila kugusa chuma. Watu hawakupiga kelele. Walivuta pumzi kwa pamoja, kama mtu mmoja.

Mvua ilikuja kutoka ziwani. Niliisikia begani. Turubai lilikuwa umbali wa mkono, na lundo lile ndilo lililokuwa faida yangu ya mavuno yote. Sikuinuka. Mpira ulikuwa unapita.

Walipomaliza, makarani walikuja wenyewe kuwashika mikono. Padri Mkuu alisimama mbele yangu, maji yanamchuruzika ndevuni, akatazama lundo langu lililolowa.

"Sakafu imebaki kwao," alisema. "Pole kwa kahawa."

"Kahawa gani, Padri?" nikasema, na sikuwa natania.

Miaka iliyofuata timu ile ilivuka ziwa kwa meli hadi Mwanza, ikarudi na ushindi, ikaenda tena. Kila mwanafunzi mpya aliyeingia alikula na wote aliowakuta. Walipohitimu ualimu wakatawanyika, na leo ukipita Kaagya, ukipita Kagondo, ukipita shule za njia yote ya Muleba, utaona gogo na pete ya pipa, na chini yake mwalimu anayepuliza filimbi. Nilijaribu kupiga hesabu ya ndugu wote waliotokana na sakafu ile. Karatasi iliisha. Mtu mfupi mmoja, mpira mmoja, na kahawa ambayo nilikuwa nambania. Kila mavuno niliendelea kuanika, na kila saa kumi walinikusanyia. Waligeuza mara nne, hawakupunguza hata siku moja.

Mwaka jana Mwalimu aliugua akarudishwa kwao Kaagya. Aliniita. Nilimkuta amekaa mlangoni, blanketi mabegani, ana tunda la kahawa mkononi.

"Wewe peke yako hujala na mtu," alisema.

"Mimi si mchezaji, Mwalimu."

"Ulilipa jino."

Akalipasua. Punje moja akaila, nyingine akaniwekea kiganjani. "Ukiila, sakafu ile ni ya ndugu yako. Hutaiomba tena."

Nilimwambia nahitaji muda wa kufikiri, ni bei kubwa. Alicheka mpaka akakohoa. "Haya, waitu. Fikiri." Nikaifunga kwenye jani kavu la mgomba, nikatia mfukoni. Nilikusudia kurudi juma lililofuata na bei yangu. Sikumkuta.

Sasa nchi nzima inazungumza habari za uhuru, Padri Mkuu amerudi kwao, na mkuu mpya wa chuo ameniletea habari. Bei ya kahawa ni nzuri, wanafunzi ni wachache, magogo yameanza kuoza. Anauliza kama bado naitaka sakafu mwaka mzima, na anataka jibu kabla ya mavuno. Masharti yake ni mazuri. Nimeyapitia mara mbili.

Punje ninayo bado, kwenye jani lake. Nimemwuliza shehe, akasema undugu ni nia. Nimemwuliza padri wa parokia, akasema hivyo hivyo kwa maneno marefu zaidi. Wale vijana kumi, ambao sasa wana mvi, kila mmoja ananiambia nikamwulize mwenzake. Mwalimu alikula yake, hilo niliona kwa macho yangu. Je, mtu akifa, nusu iliyobaki bado inafunga? Na nikiila leo, nitakuwa nimekula naye, au nitakuwa nimetafuna kahawa tu? Ninyi mnaosoma, hasa mliowahi kula na mtu, nishaurini. Naomba mseme mapema, maana kahawa imeshaanza kuiva.