Maji Vipi Hapo?

Kama umewahi kupiga simu ukitafuta nyumba ya likizo Diani, ukapokewa na sauti laini inayosema, "Shikamoo, karibu pwani," basi uliongea na Ruweida. Usidhani alikuwa pwani. Alikuwa Kawangware, Gatina, orofa ya tatu juu ya duka la rangi, na mimi Aoko nilikuwa meza ya pili nikijibu meseji. Yale mawimbi uliyoyasikia nyuma yake yalitoka kwa spika ndogo ya bosi wetu, Mulwa. Ikiisha chaji, mimi ndiye niliyetumwa kuichomeka.

Ruweida ni Mnubi wa Makina, Kibera. Amezaliwa hapo, mamake amezaliwa hapo. Mimi naishi Gatwekera, Kibera hiyohiyo, kwa hivyo tulikuwa tunatembea pamoja kwenda kazini, miaka sita, matope kwa vumbi. Pwani hajawahi kufika. Hata Mtito Andei, nusu ya njia, hajafika, na nikimkumbusha hivyo ananichapa na mkoba.

Lakini mwulize habari za Diani, aki utachoka wewe kabla yake. Atakwambia ukishavuka kivuko cha Likoni unashika barabara ya kusini. Atakwambia mchanga ni mweupe kwa sababu ni matumbawe yaliyosagika, na kwamba kuna mwamba huko mbele unaozuia mawimbi makubwa, ndiyo maana watoto wanaoga bila wasiwasi. Atakutajia msikiti wa kale wa Kongo pale mto unapoingia baharini. Atakutajia msitu wa kaya ambao Wadigo wanauheshimu mpaka leo, huingii tu ovyo ovyo. Akifika kwa nyumba zenyewe ndiyo hashikiki: kuta nene za mawe ya matumbawe zilizopakwa chokaa, boriti za mikoko, paa la makuti lililoinuka ili joto lipate pa kwenda, mlango wa nakshi na baraza la kupumzikia. Mengi aliyasoma kwa simu yake usiku, mengine aliwachokora wageni waliorudi.

"Zamani palikuwa mashamba na msitu," alikuwa akiniambia njiani. "Mtu anashuka ufuoni na kikapu chake, hakuna wa kumuuliza. Kisha zikaja hoteli, kisha nyumba za matajiri, geti baada ya geti. Sasa kuna mahali unasikia bahari na huioni."

"Kama sisi na spika ya Mulwa," nikasema.

Hakucheka. Siku hizo alikuwa hachekicheki. Nyumba ya babu yake kule Makina imegawanywa na kugawanywa mpaka analala chumba kimoja na mamake, dadake na watoto watatu wa dadake. "Nitachizi, Aoko," aliniambia. "Nikilala nasikia watu, nikiamka nasikia watu. Nataka kutoka. Siku moja tu niamke nisikie kitu kingine."

Basi Novemba Mulwa akaja na habari. Mwenye nyumba kubwa kuliko zote tulizokuwa tukikodisha, mama mmoja mzee wa Mombasa, alitaka mwanamke wa kuishi palepale Diani na kuwapokea wageni.

"Anataka mtu wa pwani," Mulwa alisema. "Na mimi miaka yote nimemwambia uko kwa ofisi yetu ya Diani. Ijumaa atakupigia. Ukimpendeza, Jumapili nakupandisha treni, na hatajua chochote."

Ruweida alijifungia chooni akalia kwa furaha. Wiki nzima tukawa mazoezini. Mimi Mjaluo, jamani, nikimfunza Mnubi Kiswahili cha pwani! "Sema yamejaa, si imejaa," nikawa nambana. "Na uache kusalimia watu na hiyo niaje yako." Akabandika ukutani nyakati za maji kujaa na kupwa, akazikariri hadi akawa anaziota. Dadake alishahesabu kitanda chake kuwa cha watoto.

Ijumaa ilikuwa siku ya tatu bomba la jengo letu limekauka. Kavoi, keateka anayeangalia jengo, akaita kutoka chini kwamba mkokoteni wa maji umefika. Ruweida hawezi kukaa bila maji ya udhu, akashuka, akapanda ngazi zote hizo na mtungi wa lita ishirini. Ndiyo tu anautua, simu ikalia. Mulwa akaiweka sauti ya juu tusikie sote, akawasha mawimbi.

"Shikamoo, bi mkubwa," Ruweida akasema, akihema.

"Marahaba, mwanangu. Maji vipi hapo?"

Mtu wa pwani akiulizwa hivyo anaangalia bahari, aseme yamejaa au yamekupwa. Na jibu lilikuwa ukutani, mbele ya pua yake!

"Wacha tu!" Ruweida akasema. "Imepotea tangu Jumatano! Hata ya mkokoteni ni kung'ang'ania."

Nikafunga macho. Mulwa akazima mawimbi, sijui kwa nini, labda ni aibu.

"Mkokoteni?" yule mama akauliza polepole. "Mwanangu, uko wapi?"

Mulwa alikuwa anatikisa kichwa, mdomo wake ukisema Diani, Diani. Ruweida aliutazama ule mtungi.

"Niko Kawangware, bi mkubwa. Nairobi."

Yule mama akacheka, na hakikuwa kicheko kibaya. Ningependa kingekuwa kibaya, nimchukie vizuri. "Sikiza, mwanangu. Maji yakitoka, wageni wangu wanatembea mpaka mwambani. Wa kuwaambia rudini, maji yanaingia, lazima awe mtu ambaye akisikia maji anafikiria bahari. Wewe umefikiria bomba. Utanizamishia watu."

"Naweza kujifunza," Ruweida akasema. Sauti ilikuwa ndogo, haikuwa ile ya kazi.

"Najua. Lakini wageni wanasema hakuna anayeieleza nyumba yangu kama wewe. Baki hukohuko unipokelee simu. Hapo ulipo ndipo ninapokutaka."

Simu ikakatika. Mulwa akashusha pumzi, mjinga yule, akasema afadhali kazi imebaki. Nilitaka kumwagia huo mtungi. Ruweida aliketi akiangalia zile karatasi ukutani. Nikasogeza kiti changu karibu na chake.

Haikupita dakika tano simu ikalia tena. Mulwa akawasha mawimbi.

"Shikamoo, karibu pwani," Ruweida akasema. Machozi yalikuwa yanateremka na sauti iko vilevile, laini.

Ilikuwa ni familia ya Kileleshwa, wanataka nyumba ya Krismasi. "Na maji, madam?" mwanamume akauliza. "Iko? Sisi huku tumeteseka."

Ruweida alinitazama, mkono ukafunika simu kidogo, kisha akautoa.

"Iko," akasema. "Huku iko mingi sana."