Alipanda Gari

Sifa ni zako, Mungu Baba, unayeliamsha jua juu ya uwanda huu wa Ufipa kila siku bila kuchoka, na kutuamsha nasi hata siku tusizozitamani. Nakushukuru kwa mke uliyenipa, na kwa miaka yote uliyomwacha akae nami. Sasa nisimulie.

Katika ugonjwa wake wa mwisho mke wangu alikuwa na ombi moja tu: kufika Chala kumwona dada yake. Dada huyo ndiye aliyemlea baada ya mama yao kufariki, na siku hizi miguu haimruhusu hata kwenda kanisani, sembuse kuja Sumbawanga. Madaktari walikuwa wamekwishaturudisha nyumbani Kizwite, kwa maneno ya upole ambayo sisi wazee tunayaelewa. Tukapanga safari iwe ya asubuhi, maana akishakunywa dawa alipata nguvu kidogo, na jua likipanda nguvu zilimwishia na maumivu yakarudi.

Gari lilikuwepo. Kijana wetu anayefanya kazi Mwanza alituachia gari lake dogo, la otomatiki, lenye kiti cha nyuma ambacho mgonjwa anaweza kujilaza. Tangu mke wangu azidiwe lilikuwa limesimama tu uani, na baridi yetu ya Julai mnaijua.

Asubuhi ile aliamka kabla yangu. Nilimkuta amekaa mkekani barazani, amevaa kitenge chake cha Jumapili na sweta mbili, na kikapu pembeni: unga wa ulezi, sukari na sabuni, vya dada yake. Nikabonyeza rimoti milango ifunguke. Kimya. Nikasogea mpaka dirishani, nikabonyeza tena. Kimya.

Nikadhani rimoti ndiyo imekufa. Nikapanda bodaboda mpaka Milanzi kununua kibetri kipya cha kuiwekea. Niliporudi, kimya kile kile. Basi nikautoa ule ufunguo wa chuma unaokaa ndani ya rimoti, nikaujaribu mlangoni. Tundu lile halikuwahi kutumika tangu gari lije kwetu, lilikuwa limeshikana kwa vumbi. Jirani yetu mshonaji akaleta mafuta ya cherehani, tukadondosha, tukasubiri, nikazungusha taratibu nikiogopa ufunguo usikatikie ndani. Mlango ukafunguka. Nikawasha; hata taa moja haikuwaka. Betri ya gari ndiyo iliyokufa tangu mwanzo.

Wenzetu wa jumuiya ya kanisa walikuwa wamefika kutuaga kwa sala. Sisi huku tumezoea pikapu za zamani, betri ikigoma mnasukuma, gari linawaka. Wakavua makoti, wakaegemea nyuma, wakasukuma kwa moyo wote. Gari halikusogea hata kidogo, gia imejifunga. Wakasukuma tena, mmoja akianzisha wimbo.

Katikati ya wimbo akaingia na pikapu yake jirani yetu mfanyabiashara, Mwislamu, rafiki yangu wa siku nyingi, akitoka kupeleka mizigo. Alisimama, akatutazama.

"Mwalimu," akaniambia, maana nilikuwa katekista na wengi bado wananiita hivyo, "gari la otomatiki halisukumwi, hata mlete kwaya nzima ya parokia."

Nikamjibu, "Alhaji, leta waya, mahubiri baadaye."

Kule barazani mke wangu akacheka. Alicheka mpaka akashika ubavu. Nilikuwa sijakisikia kicheko kile tangu Kwaresima, na sikukisikia tena.

Alhaji alisogeza pikapu, akafungua boneti zote mbili, akaunganisha waya za kubusti betri kwa betri. Baada ya muda gari likanguruma. Akaniasa nisilizime hata kidogo, liachwe lingurume betri ijae, maana likizimwa tutaanza upya.

Nikageuka kumwambia mke wangu kwamba tuko tayari. Alikuwa amelala ubavu juu ya mkeka, uso umebadilika. Jua lilikuwa juu. Kila kitu asubuhi ile tulikiona kimebaki kidogo tu kikamilike, na hivyo vidogo ndivyo vilivyoumaliza muda wake.

"Mama," nikamwambia, "tutakwenda kesho."

"Nitie humo hivyo hivyo," akasema. "Nasikia baridi."

Tukambeba, tukamlaza kiti cha nyuma na kikapu chake. Nikafungua hewa ya moto, nikakaa mbele. Watu wakaondoka taratibu, hakuna aliyewaambia. Gari likanguruma palepale uani.

Baadaye akauliza, macho amefumba, "Tumefika wapi?"

Nimefundisha watoto wa komunyo miaka mingi kwamba uongo ni dhambi. Nikasema, "Tumetoka mjini. Tunaipita ile mikaratusi."

Akatabasamu. "Baba, huyo jogoo ninayemsikia ni wetu. Lakini endelea."

Basi nikaendelea. Nikampitisha mashamba yaliyokwishavunwa mahindi, vilima vyenye nyasi kavu, ng'ombe wanaovuka barabara bila haraka, mpaka maduka ya Chala na kengele ya misheni. Nilipofika mlangoni kwa dada yake nikaishia hapo, sikubisha hodi. Akanyoosha mkono akanigusa bega.

"Ukimwona," akasema, "mwambie nilipanda gari."

Kesho yake hakuweza kuinuka, na Jumapili haikumkuta. Mungu amweke pema.

Dada yake aliletwa mazishini, wakimshika huku na huku. Nilimpa kikapu, nikampa na ujumbe kama ulivyosemwa. Alikiweka kikapu mapajani. Kisha akaniomba nimwonyeshe hilo gari. Nikamfungulia mlango wa nyuma. Akaingia, akakaa pale mwenzake alipolala, akaniambia niwashe.

Sasa naliwasha kila asubuhi, nasali rozari yangu likinguruma, kisha nalizima.

Nawe uliyesoma mpaka hapa, Mungu akufikishe kwa yule anayekungoja ungali na nguvu. Na ukishindwa kufika, akupe wa kukaa nawe njiani. Amina.