Kodi ya Wiki Nane

Chumba chetu pale Soweto, Mbeya, kilinuka gunia. Mama aliuza mchele wa Chimala sokoni, na ule usionunuliwa ulilala nasi, kwa hiyo hata shuka zangu zilikuwa na ile harufu kavu ya pumba inayowasha pua. Nyumba yenyewe ilikuwa ya shirika moja lililojenga vyumba vya kuwapangisha watu wa kipato kidogo. Wenye nyumba wengine mjini walitaka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, hela ambayo mama hakuwahi kuishika. Pale ulilipa kila Jumamosi, kidogo kidogo. Baba alishafariki, na tukitolewa hapo hatukuwa na pa kwenda.

Hela ya kodi ilitengwa kwanza, kabla ya unga, kabla ya mkaa, kabla ya sisi. Nilipokuwa darasa la tano mpunga ulikubali vizuri, na mama akapata wazo: alipe wiki nane za mbele, ili msimu ukipita na mchele ukiadimika asihangaike. Lo, tulijinyima! Nyama tuliisahau. Mimi nilikuwa nimeahidiwa sweta la shule, na anayeijua baridi ya Mbeya mwezi wa saba anajua ninachosema. Nilikwenda shule mikono kwapani, meno yanagongana, na nikiuliza naambiwa, "Vumilia mwanangu, tumalize kwanza la chumba." Jirani yetu Mama Tumaini, ambaye kila Jumamosi alijifungia ndani akijifanya hayupo, alimcheka waziwazi. "Mama Sekela, haraka ya nini? Watakuona tajiri!" Sekela ndiye mimi. Mama akacheka naye, akaenda kulipa zote nane, akarudi anaimba.

Wiki mbili baadaye msimamizi wa zile nyumba akaja na barua. Mama hakujua kusoma, lakini aliipokea kwa mikono miwili, akapiga goti kidogo, akasema, "Ndaga fijo, baba," ahsante sana kwa Kinyakyusa, maana alidhani amepongezwa. Yule bwana akaenda zake. Nikaisoma mimi, kwa sauti, kama tulivyofundishwa shuleni. Iliandikwa kwamba kwa kuwa mpangaji ameonyesha uwezo wa kulipa kabla ya muda, hastahili tena nyumba za wenye kipato kidogo, na wiki alizolipia zikiisha aondoke. Mama akasema nimesoma vibaya, nirudie. Nikarudia. Akasema tena nirudie, na safari hii nilisoma huku nalia.

Upuuzi mtupu! Alikwenda ofisini kwao akaeleza habari ya sweta, habari ya nyama, akaulizwa tu, "Mama, si unajiweza?" Tukahamia kwa mama mdogo huku Iringa, watu wanane chumba kimoja, na shule nikakosa muhula mzima. Baadaye tulisikia chumba chetu kilikaa kitupu miezi mitatu, hakuna anayekilipia hata senti. Mama Tumaini na madeni yake walibaki palepale. Yeye simlaumu, alikuwa na akili kuliko sisi. Ninaowalaani ni wale waliokaa kwenye viti vyao wakaona mjane asiyedaiwa, wakaona hiyo ni kasoro.

Sasa nina nyumba yangu Mlandege, hapahapa Iringa, nina mshahara, wanangu wana masweta mpaka wanayapoteza. Nilitegemea hasira ingepungua. Wapi! Mama anaishi nami, anauza mboga hapo nje, na kila Jumamosi ananiletea hela kidogo, eti kodi ya chumba chake. Nimekataa mpaka nimechoka; anaiacha mezani anaondoka. Jumamosi iliyopita hakuleta. Alileta Jumanne, nikamuuliza kama biashara ilikuwa mbaya.

"Aa, ninayo tangu wiki iliyopita," akasema, bila hata kutabasamu. "Nimeichelewesha tu kidogo, usije ukaona najiweza."