Baada ya Kuugua kwa Muda Mfupi

Katika chama chetu cha kuzikana, sisi watu wa magharibi ya nchi tunaoishi huku jijini, Kangemi na Mountain View, mwandishi wa wasifu wa marehemu ni mimi. Nilipewa kazi hii kwa sababu mchana napiga taipu katika ofisi moja ya serikali katikati ya jiji, na watu hudhani anayechapa barua za wakubwa hawezi kukosa maneno. Nimeandika nyingi. Mlevi nilimwita mpenda watu. Mgomvi nikamwita mtu wa msimamo. Niliyaona madogo hayo, maana marehemu hasemwi vibaya. Sikujua kwamba nilikuwa nafanya mazoezi.

Kisha akafa mtoto wa kaka yangu. Alikuwa na miaka ishirini na mitatu, fundi wa simu kwenye kibanda mjini, na mdomo alikuwa nao. Wiki moja kabla, alikuwa mezani kwangu anakula chapati huku akinichokoza: "Anti, nyinyi wa gavamenti mnajua kila kitu na hamsemi kitu." Nilimwambia ale, anyamaze. Akaenda kwenye maandamano na bango lake la katoni, akapigwa risasi ya mgongo. Aliyefyatua hajatajwa na mtu yeyote hadi leo.

Wasifu wake niliuandika kwa hasira. Kwa mara ya kwanza sikupamba kitu: "Aliuawa kwa risasi akiwa kwenye maandamano ya amani, akitumia haki ambayo Katiba inampa kila Mkenya, haki ya kusema." Nilijivunia sentensi hiyo. Niliisoma mara mbili kwa sauti nikiwa jikoni peke yangu.

Kamati ya mazishi ilikutana saa kumi na moja jioni, watu wakitoka kazini, katika chumba cha juu cha mkahawa mmoja mjini. Chai na mandazi vilikuwa mezani. Mwenyekiti wetu ni karani mstaafu, mtu mpole ambaye sijawahi kumsikia akigombana. Alisoma karatasi yangu hadi mwisho, akavua miwani.

"Dada, hii hapana. Mheshimiwa mbunge ametupea basi mbili za kwenda nyumbani. Kesho kutwa atakaa pale mbele kanisani. Sasa akisikia hii?"

"Kwani si ukweli?"

"Ukweli sisi wote hapa tunaujua. Lakini lazima usomwe kwa maiki?"

Akanikumbusha, bila ukali wowote, kwamba mimi nakula serikalini na kwamba jina langu liko chini ya karatasi. Nilimwelewa. Mwenzetu mmoja wa ghorofa ya juu kazini alikuwa ameitwa kuhojiwa kwa maneno aliyoandika kwenye simu yake, na aliporudi alikuwa hasalimii mtu. Niliwatazama wanakamati. Walikuwa kumi na wawili, wote wapiga kura, watu ambao nyumbani kwao huwatukana wakubwa kuanzia chai ya asubuhi hadi ugali wa jioni. Wote waliangalia vikombe vyao. Mlangoni hapakuwa na askari hata mmoja, na hilo ndilo linalonikatisha tamaa kabisa. Mdomo tulijiziba wenyewe, huku tukipitishiana mandazi.

Tumezoea kuambiwa kwamba demokrasia ni ile foleni ya kupiga kura. Mimi naona ni pale mama anapoweza kuambiwa mbele za watu jinsi mwanawe alivyokufa. Hilo nililijua siku ile, na kalamu ilikuwa mkononi mwangu. Lakini nina binti chuoni, na hana mwingine wa kumsomesha. Nikaikata ile sentensi, nikaandika juu yake: "Alitutoka ghafla baada ya kuugua kwa muda mfupi."

"Sasa hiyo ndiyo wasifu," mwenyekiti akasema, akanimiminia chai.

Siku ya ibada watu walijaa kanisani hadi nje. Mheshimiwa alikaa mbele. Mke wa kaka yangu, mama wa kijana, alikaa mstari huohuo, upande wa pili. Hakuna aliyekuwa amemwonyesha karatasi. Nilisoma shule alizosoma mwanawe, kazi yake, jinsi alivyompenda Mungu. Nikafika pale. Nikaisoma ile sentensi mpya.

Mama akasimama. Hakupiga kelele.

"Aliugua nini, anti?" akaniuliza. "Si mimi na wewe tulimvalisha kule mochari? Hiyo shimo kwa mgongo ilikuwa ugonjwa gani?"

Maiki ilikuwa mbele ya mdomo wangu. Bado ningeweza kusema. Lilikuwa neno moja tu. Mhubiri akaanzisha wimbo, akina mama wakaudaka, wawili wakamshika mabega wamkalishe. Yeye alikuwa bado anauliza. Niliiona midomo yake ikienda. Nami nikaimba. Niliimba kwenye maiki, kwa sauti kubwa kuliko wote, ili nisimsikie.