Firigisi ya Phanuel

Kila Jumapili konstebo hufika Malinya kwa mama yake Phanuel, mwenzake aliyeuawa na majambazi kazini, akavua kofia na kupasua kuni mpaka viganja vinachubuka. Haketi hadi aambiwe, na akiongea utadhani anaongea na viatu vyake. Mama humchinjia kuku na kumwekea firigisi, fungu la mwanamume wa boma. "Kula, mwanangu. Phanuel ndiye alikuwanga anakula hii." Huitafuna weee, lakini haimshuki. Jumapili hii aliirudisha kwenye sahani. "Mama, zamu ya siku ile ilikuwa yangu. Nilimwomba anishikie, niende kuona mafahali wakipigana." Mama akamkatia obusuma, ugali wa kwao. "Najua. Aliniambia asubuhi ile akitoka. Kula."